Habari ya mbawakawa mpya iliacha jambo lenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu habari fupi mliyoichapa karibuni, iliyotangaza kwamba wanasayansi wamegundua spishi mpya ya mbawakawa wa majani. Niliifurahia, kwa sababu wadudu wadogo wasiouma mtu hawapati nafasi magazetini mara kwa mara, na sina nia ya kumlaumu mwandishi wake. Hata hivyo habari ile ilimweleza msomaji rangi ya mdudu, udogo wake na furaha ya waliompata, kisha ikaishia hapo, bila kusema hata kwa sentensi moja ni kitu gani kilichofanya mdudu huyo ahesabiwe kuwa spishi ya peke yake. Kwangu mimi, niliyetumia miaka mingi nimeinamia hadubini nikisaidia kupanga wadudu waliohifadhiwa na kuwaandikia vibandiko, hiyo ni sawa na kutangaza hukumu ya kesi bila kutaja shtaka wala ushahidi.

Nianze na neno "kugundua". Mbawakawa wa majani, yaani familia ya Chrysomelidae, wana spishi zaidi ya 35,000 zilizokwisha kupewa majina, nao ni tawi moja tu la oda ya mbawakawa yenye spishi zipatazo 400,000. Katika wingi kama huo kumwona mdudu asiye na jina la kitaalamu si tukio la ajabu. Wakulima na wachungaji huenda wamemwona tangu utotoni, na mara nyingi mdudu mwenyewe amekwisha kulala katika droo ya makumbusho kwa muda mrefu, ametobolewa pini, na chini yake kibandiko kinachotaja mahali na tarehe aliyokamatwa na si zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima muda unaopita tangu sampuli ya kwanza ya spishi ikusanywe hadi spishi hiyo ielezewe kitaalamu, ukapata wastani wa miaka 21. Miaka hiyo yote mdudu yupo na amekwisha "kugunduliwa". Kinachosubiriwa ni mtu wa kuketi na kumwandikia wasifu wake, na ni uandishi huo ambao habari yenu iliuruka.

Uandishi huo huanza kwa kulinganisha. Mtafiti hutoa katika kabati kila jamaa wa karibu wa mdudu wake, huazima wengine kwa makumbusho ya mbali, na husoma maelezo yaliyoandikwa kwa Kilatini, Kifaransa au Kijerumani na watu waliokufa zamani. Baadhi ya watu hao hawakuwa hata wanasayansi wa kuajiriwa. Martin Jacoby, aliyezaliwa Ujerumani na kuishi Uingereza katika karne ya 19, alikuwa mpiga fidla, na jina lake hukutana nalo kila upitapo orodha ya mbawakawa hawa. Shida ya maelezo ya zama hizo ni kwamba mengi ni mafupi mno na yanategemea rangi, ilhali rangi ni shahidi asiyeaminika. Ndani ya spishi moja mbawakawa mmoja huweza kuwa mwekundu na nduguye mweusi. Wako pia mbawakawa wenye umbo la kobe ambao wakiwa hai hung'aa kama dhahabu, na wakifa mng'aro hupotea wote, kwa kuwa ulitokana na umajimaji uliomo katika tabaka za gamba. Mtu anayemwelezea mdudu wa namna hiyo akiwa na sampuli kavu pekee ataandika "kahawia" kwa kiumbe ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikiwa cha kahawia kikitembea juu ya jani.

Kwa sababu hiyo jicho hulazimika kwenda kwenye umbo. Huhesabiwa pingili za vipapasio, ambazo kwa wengi wa familia hii ni 11, na hupimwa ipi ndefu kuliko ipi. Huangaliwa ngao ya kidari kama kingo zake zimenyooka au zimepinda, na mabawa magumu ya juu kama vishimo vyake vimepangwa kwa safu au vimetawanyika. Hutazamwa nyayo, ambazo zina pingili tano lakini huonekana kuwa na nne, kwa kuwa ya nne ni ndogo na imejificha katikati ya ndewe mbili za pingili ya tatu. Hutazamwa paja la mguu wa nyuma, maana kwa mbawakawa warukao kama viroboto paja hilo limevimba, na ndani yake mna kipande kigumu kilichojikunja kinachofanya kazi ya kamani. Hata hapo, wadudu wawili wa spishi mbalimbali huweza kufanana kwa yote niliyoyataja. Mtafiti basi humlainisha mdudu mkavu kwa maji ya moto, hulifungua fumbatio, huchomoa kiungo cha uzazi cha dume na kukisafisha kwa dawa inayoyeyusha nyama na kuacha sehemu ngumu peke yake. Umbo la kiungo hicho, hasa ncha yake na mpindo wake ukitazamwa kwa ubavu, mara nyingi ndilo hukata shauri, pamoja na kifuko cha kuhifadhia mbegu cha jike. Najua magazeti huona haya kuandika mambo hayo. Haya hiyo haina maana kwa mdudu wa milimita nne, na inamnyima msomaji ushahidi ambao hoja nzima imejengwa juu yake.

Yote hayo yakikamilika ndipo huandikwa kile ambacho wataalamu hukiona kuwa moyo wa kazi, na ambacho mimi hukiita upambanuzi: maneno machache yanayosema spishi hii inatengana na jamaa zake kwa alama zipi. Nitoe mfano wa mbawakawa wawili wanaojulikana vizuri, wote wa Amerika ya Kaskazini na wote walioelezewa mwaka 1824. Mmoja ni Leptinotarsa decemlineata, mharibifu mashuhuri wa viazi, na wa pili ni Leptinotarsa juncta, anayekula mimea mwitu ya ukoo wa viazi na kwa kawaida haviharibu viazi vyenyewe. Wote wawili wana mgongo wa mviringo wenye rangi ya njano iliyofifia na mistari myeusi ya urefu, na kwa macho ya haraka ni mapacha. Upambanuzi wake kwa Kiswahili ungesomeka hivi: "Juncta hutofautiana na decemlineata kwa kuwa vishimo vinavyoandamana na mistari myeusi ya mabawa vimepangwa katika safu zilizonyooka, si ovyo ovyo, na kwa kuwa kila paja lina doa jeusi." Ni sentensi moja tu, lakini anayeisoma akiwa na kioo cha kukuzia mkononi ataweza kujua kama aliye mbele yake ni adui wa shamba au mpita njia. Sentensi ya namna hiyo ndiyo niliyoitafuta katika habari yenu nisiione.

Huenda msomaji akauliza upambanuzi huo una faida gani kwa asiye mtaalamu. Decemlineata mwenyewe ana jibu. Mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Thomas Say, alipomwelezea mwaka 1824 mdudu huyo alikuwa akila mmea mwitu wa miiba, na hapakuwa na mkulima aliyemjali. Mwaka 1859 ndipo alipoanza kuharibu viazi huko Nebraska, na kufikia mwaka 1874 alikuwa amefika pwani ya Atlantiki; baadaye akavuka bahari na kukita mizizi Ufaransa. Balaa lilipoanza, jina na maelezo vilikuwa tayari kwa miaka 35, kwa hiyo watu wa majimbo mbalimbali waliweza kuandikiana wakijua kwamba wanazungumzia mdudu mmoja.

Mfano wa kinyume chake unanigusa zaidi. Huko Marekani miti midogo ya mtoni iitwayo Tamarix, ambayo ni ya asili ya Asia na maeneo ya Mediterania, ilienea kandokando ya mito hadi ikawa kero, na mwaka 2001 waliachiliwa mbawakawa wa jenasi (yaani kundi la spishi jamaa) ya Diorhabda waile. Wakati huo walidhaniwa kuwa ni spishi moja iliyosambaa kutoka Mediterania hadi Asia ya kati. Walioachiliwa sehemu za kaskazini walistawi, lakini kusini, ambako mchana wa kiangazi ni mfupi zaidi, waliingia katika usingizi wa msimu mapema mno na kushindwa kudumu. Mwaka 2009 mapitio ya kina ya kundi hilo yalionyesha kwamba ile iliyoitwa spishi moja ilikuwa tano, zikitenganishwa hasa na vipande vigumu vilivyomo ndani ya kiungo cha uzazi cha dume, na kila moja ina nchi yake na hali ya hewa iliyoizoea. Mtu angeweza kusema kwamba kutazama viungo vya uzazi vya wadudu ni anasa ya wasomi, lakini hapa ndimo ilimofichwa tofauti kati ya kuachilia mdudu anayefaa na kuachilia asiyefaa. Yupo hata mbawakawa aliyeajiriwa kabla hajapata jina: Agasicles hygrophila wa Amerika ya Kusini aliachiliwa Marekani mwaka 1964 ale gugu la majini, na wasifu wake ukachapishwa mwaka 1971. Kazi aliifanya vizuri, kwa bahati njema.

Kuhusu jina lenyewe, habari yenu ilisema spishi imepewa jina la Kilatini, kana kwamba ni urembo wa kuhitimisha. Jina lina sheria, Mhariri. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinamtaka mwandishi aseme waziwazi kwamba jina ni jipya, aeleze kwa maneno alama zinazoitenga spishi, na ateue sampuli itakayobeba jina hilo, ambayo ikiwa ni moja huitwa holotipu, pamoja na kutaja mkusanyo itakamohifadhiwa. Holotipu haimaanishi kwamba mdudu huyo ni mzuri kuliko wenzake au kwamba ndiye wa kawaida kabisa. Ni kama kigingi cha mpaka: kesho mtu akigundua kwamba chini ya jina moja kulikuwa na spishi mbili, jina litabaki na ile ambayo holotipu ni yake, na nyingine itatafutiwa jina jingine. Ndiyo maana kibandiko chake kwa desturi huwa chekundu, ili atakayeishika droo asikosee. Gazeti linaloandika habari za spishi mpya lingemsaidia sana msomaji kwa kutaja holotipu imewekwa wapi, kwa maana ni swali halali la umma kama mdudu aliyetoka katika msitu wake amehifadhiwa karibu naye au katika bara jingine.

Nisiache kusema kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana unafuu fulani katika mambo haya ya majina. Kilatini hupatanisha sifa na nomino kwa jinsia, kama sisi tunavyopatanisha kwa ngeli tukasema mti mzuri na kitabu kizuri. Kwa hiyo tunasema Callosobruchus maculatus, kwa kuwa jenasi hiyo ni ya kiume, na Leptinotarsa decemlineata, kwa kuwa hiyo ni ya kike, na spishi ikihamishwa jenasi mwisho wa sifa yake hubadilika pamoja nayo. (Huyo Callosobruchus ni yule mdudu anayetoboa kunde ghalani, naye ni wa familia hiihii, jina la mbawakawa wa majani lisikudanganye.) Nimewahi kuwaona wageni wa lugha nyingine wakihangaika na kanuni hiyo kwa siku nzima, wakati msaidizi wetu aliyezaliwa katika Kiswahili aliielewa kabla chai haijapoa. Tena Kilatini si lazima. Kanuni zinadai herufi za Kilatini, wala hazidai maneno yake, na Kiswahili kimekwisha kuingia: mwaka 2002 chura mmoja wa milima ya Tanzania alipewa jina la Churamiti maridadi, na mwaka 2006 jenasi ya vinyonga ikaitwa Kinyongia. Hakuna sababu ya kisheria ya kumzuia mbawakawa naye asiitwe kwa neno letu.

Hapo ndipo penye ombi langu kubwa. Watu wengi hudhani kwamba wasifu wa spishi ya mnyama lazima uandikwe kwa Kiingereza. Kanuni hazisemi hivyo. Pendekezo lake la 13B linawashauri waandishi wachapishe upambanuzi kwa lugha zinazotumika kimataifa katika zoolojia, na pia kwa lugha zinazotumika katika maeneo yanayohusika na spishi hiyo. Ushauri huo si amri, na unapuuzwa karibu kila siku, lakini upo katika maandishi. Spishi inayotoka katika nchi ambamo watu wanasoma Kiswahili ingestahili kuwa na angalau aya moja ya Kiswahili ndani ya makala yake ya kitaalamu, na hata mwandishi asipofanya hivyo, gazeti halina kizuizi cha kuitafsiri aya hiyo na kuichapa.

Nitajibiwa kwamba maneno hayatoshi. Nimeijaribu kazi hiyo, na naona upungufu upo lakini si pale unapodhaniwa. Paja, goti, wayo, kidari, fumbatio na vipapasio tunavyo, na vinaeleweka kwa mtoto. Tunachokosa ni makubaliano. Mabawa ya mbele yaliyogeuka kuwa gamba, mmoja huyaita mabawa magumu na mwingine vifuniko vya mabawa. Alama ndogo zilizozama katika gamba, huyu huandika vitundu, yule vidoa, na mimi napendelea vishimo, kwa sababu kishimo ni umbo na doa ni rangi, na wasifu unaochanganya viwili hivyo haufai kitu. Kitundu nacho humfanya msomaji adhani kwamba gamba limetoboka hadi ng'ambo. Uso wa gamba unaweza kuwa laini lakini usio na mng'aro, au wenye mng'aro lakini wenye mikwaruzo midogo kama ngozi, na Kiswahili kinaweza kuyasema yote hayo iwapo mtu atajipa taabu ya kuchagua neno na kulishikilia hilohilo hadi mwisho wa makala. Lugha ambayo huwa na jina la kila hatua ya ukuaji wa nazi haiwezi kushindwa na mgongo wa mdudu.

Wapo pia watakaosema kwamba siku hizi vinasaba vimemaliza mjadala, na kwamba kuelezana habari za mapaja na vishimo ni mambo ya kale. Kipande kimoja cha jeni, chenye herufi zipatazo 650, kweli hutumika sana kutambua wanyama, na kimefichua spishi nyingi zilizokuwa zimejificha chini ya jina moja. Lakini kwa mbawakawa wa majani kipande hicho kimewahi kupotosha: bakteria waitwao Wolbachia, wanaorithishwa kutoka kwa mama, huweza kueneza aina moja ya jeni hiyo kutoka spishi hadi spishi, wadudu walio mbali wakaonekana ndugu. Isitoshe, sampuli nyingi za karne ya 19 ni kavu na zimezeeka, na haifai kuzikata ovyo kutafuta vinasaba. Ushahidi wa vinasaba huwekwa kando ya ule wa umbo, wala hauondoi wajibu wa kusema kwa maneno spishi inatambulikaje.

Basi ninaloomba kwa mwandishi wenu ni dogo. Safari nyingine habari kama hii ikija, asubiri makala ya kitaalamu itoke kwanza ndipo alichape jina, kisha aifungue makala hiyo na kutafuta aya ya upambanuzi, ambayo kwa kawaida iko mwanzoni kabisa mwa maelezo ya spishi na mara nyingi haizidi mistari kumi. Amwulize mtafiti mdudu alikutwa juu ya mmea gani, kwa kuwa mbawakawa wa majani wengi hushikamana na mimea michache, na asiyetajiwa mmea hana pa kuanzia kumtafuta. Ataje ni sampuli ngapi zilizochunguzwa, madume mangapi na majike mangapi, maana spishi iliyojengwa juu ya jike mmoja haina uzito wa ile iliyojengwa juu ya wadudu arobaini. Picha ikiwepo, iwe ya mgongo mzima pamoja na kipimo chake, badala ya ile ya mtafiti akitabasamu.

Na kama maneno ya aya hiyo yatamsumbua, ofisi yenu inayo anwani yangu. Niko tayari kuketi naye tuipitie sentensi kwa sentensi, bila malipo, na tukishindwana juu ya vishimo na vitundu nitamwachia yeye aamue.

Ndimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mpanga wadudu